Kuhesabu Tonge

Kalori inayoandikwa kwenye pakiti za vyakula ni kipimo cha joto: kiasi kinachopandisha kilo moja ya maji kwa digrii moja ya selsiasi. Mwishoni mwa karne ya 19, mkemia Mmarekani Wilbur Atwater alikadiria kwamba gramu ya wanga au protini humpa mlaji kalori 4, na gramu ya mafuta 9. Anayetaka kupungua hujumlisha alichokula, akalinganisha na anachotumia mwilini. Hesabu yenyewe ni ya darasa la nne. Ugumu ni kwamba inadai kwanza chakula kiwe na mwenyewe.

Mpakani mwa Kenya na Uganda, kati ya Busia na Tororo, mara nyingi hakina. Ugali wa muhogo uliochanganywa na mtama au wimbi huwekwa kati, na mikono huufuata. Kila mmoja humega tonge, akalibonyeza kwa kidole gumba likawa na shimo, akachota mchuzi wa omena, dagaa wanaoitwa mukene upande wa Uganda. Mtoto humegewa na mama. Mgeni husogezewa kipande kingine kabla hajamaliza cha kwanza. Kwa Wateso, pombe ya wimbi iitwayo ajon huwekwa katika chungu kimoja, wanywaji wakakizunguka na mirija mirefu, na maji ya moto huongezwa kadiri inavyopungua. Nani kanywa kiasi gani? Chungu hakisemi.

Basi, ni halali kukipima kinacholiwa hivyo? Katika Sahihi Bukhari zimo Hadithi mbili zinazoonekana kupingana. Katika moja, Mtume anawahimiza watu wapime chakula chao ili wabarikiwe. Katika nyingine, Bibi Aisha anasimulia kwamba alikuwa na shayiri kidogo, akaila kwa muda mrefu, hata siku alipoipima ikamalizika. Wafafanuzi wamezipatanisha kwa kutenganisha nia: kupima katika kuuza, kununua na kutoa cha kupikwa ni uadilifu, kupima kilichobaki kwa wasiwasi kama kitatosha ndiko kunakofukuza baraka. Muuza nafaka wa Busia hulijua hilo bila kusoma ufafanuzi wowote. Hujaza gorogoro hadi ukingoni, kisha hudondosha gao moja la ziada, na gao hilo halina bei.

Ukristo umelitazama suala hili kutoka upande wa tamaa. Papa Gregori Mkuu, katika karne ya 6, alitaja njia tano za ulafi: kula kabla ya wakati, kutaka vya anasa, kutaka vilivyopikwa kwa madoido, kula kupita kiasi na kula kwa pupa. Thomas Aquinas aliichukua orodha hiyo katika karne ya 13. Kati ya njia tano, kiasi ni moja tu. Asiyevuka kalori 1,500 lakini akashinda tangu asubuhi akiwaza mlo wa jioni hajatoka katika ulafi. Amebadilisha mlango tu. Hoja hii haijajibiwa vya kutosha na wanaosifu daftari la kalori.

Upo pia mzigo wa historia. Miaka ya 1980, ukimwi ulijulikana Uganda kwa jina la Kiingereza lenye maana ya wembamba, na katika Kiganda bado huitwa siliimu. Anayekonda kwa hiari huulizwa kwa sauti ya chini kama ni mzima, na anayekataa tonge huonekana ama mgonjwa ama mwenye kinyongo.

Upande wa matumizi ya kalori nao umegeuka. Boda boda ilizaliwa mpakani hapa, vijana wakivusha abiria kwa baiskeli kati ya forodha mbili. Yule wa baiskeli alichoma ugali wake kabla ya saa sita. Mrithi wake hukaa kutwa juu ya pikipiki, na sahani haijapungua.

Mahali pa kipimo, kwa hiyo, ni jikoni kabla ya sahani. Nusu kilo ya unga mkavu hukaribia kalori 1,800, usongwe mgumu au laini, kwa kuwa maji hayaongezi kitu. Kwa walaji sita ni kama 300 kila mmoja, na tofauti za mikono huachwa. Mafuta nayo, kalori 120 hivi kwa kijiko cha mezani, hupimwa kabla ya kumiminwa, maana yakishaingia kwenye mchuzi hayaonekani tena.