Wema Uliozaliwa na Uhitaji

Mtu akitenda jema kwa kulazimika tu, je, huo ni wema?

Mwaka 1976 Anita Roddick alifungua duka dogo la vipodozi, The Body Shop, mjini Brighton, Uingereza. Chupa zilikuwa haba, basi wateja wakarudisha zile tupu wajaziwe tena. Mwenyewe alikiri baadaye kwamba hakuwa akifikiria kuhifadhi mazingira. Alikuwa akibana matumizi.

Twaona kwamba kipimo chake kilikuja duka lilipokuwa kampuni kubwa. Sasa hakubanwa na uhitaji. Angeweza kununua popote penye bei ya chini. Lakini tangu 1987 kampuni ilianza kununua malighafi kwa wazalishaji wadogo, na miaka ya 1990 akina mama wa kaskazini ya Ghana wakaiuzia mafuta ya shea. Haikuwa sadaka, bali malipo ya jasho lao.

Mwaka 2006 kampuni iliuzwa kwa L'Oréal, na wateja wengi walinung'unika. Mwaka uliofuata Mama Roddick alifariki. Hapo twajifunza kwamba wema haurithiwi pamoja na jina la duka. Kila ashikaye funguo hana budi kuuchagua upya.

Lidia, muuza rangi ya zambarau, alimtumikia Bwana bila kuacha biashara yake. Nasi wenye genge, shamba au kibarua mmoja tu, tujiulize: tulichotenda tulipokuwa hatuna, je, twakitenda sasa tulipopata? Mungu atujalie jibu jema.