Mtulivu na Mnyonge



Katika darsa yetu ya juma lililopita, kijana mmoja wa skuli ya sekondari alileta swali ambalo halikuwamo katika kitabu tulichokuwa tukikisoma. Mwalimu wake alimpa orodha ya maneno ya Kiingereza ya kumsifu mtu au kumtia ila, akamtaka ayagawe mafungu mawili: fungu la watu wasiobabaika mambo yanapowazonga, na fungu la watu wasio na nguvu. Mengi aliyagawa bila ya taabu. Lakini mawili matatu yalimshinda. Kila akiyatia fungu hili aliona yanafaa lile. Akatuuliza: mtu akitukanwa naye akanyamaza, tutajuaje kuwa ni mtulivu au ni mnyonge?

Waliokuwapo walicheka kidogo, kisha wakanyamaza, kwani kila mmoja alitambua kuwa swali hilo si la lugha tu.

Hata hivyo, na tuanze na lugha. Neno unflappable, ambalo Waingereza walilipenda khasa katika miaka ya 1950, limetokana na ndege apigaye mbawa kwa kushtuka. Maana yake ni mtu asiyepapatika. Feeble, yaani dhaifu, asili yake katika Kilatini ni kitu cha kuliliwa. Na phlegmatic, ambalo husifiwa mtu mzito wa kughadhibika, limetoka katika Kiyunani, na neno lile lile Waarabu wamelifanya balgham, nasi tukaliita belghamu. Matabibu wa kale, tangu Wayunani mpaka Ibn Sina, waliitakidi kuwa tabia ya mtu hufuata maji manne ya mwili wake, na aliyezidiwa na belghamu huwa baridi na mzito. Kwa hivyo muungwana anayesifiwa utulivu kwa neno hili, kwa asili yake anasifiwa makohozi!

Lakini mzaha huu una faida ndani yake. Ikiwa mtu ni baridi kwa maumbile, hakuna kinachomchemka, basi amezuia nini hata asifiwe? Jiwe pia halibabaiki.

Mtazame Harold Macmillan, Waziri Mkuu wa Uingereza tangu 1957 mpaka 1963, ambaye alibandikwa lile neno la kutopapatika hata likawa kama lakabu yake. Januari 1958 Waziri wake wa Fedha, Peter Thorneycroft, alijiuzulu pamoja na wasaidizi wake wawili. Siku ya pili yake Macmillan akapanda ndege kwenda kuzuru nchi za Jumuiya ya Madola, akaliita jambo hilo shida ndogo tu za nyumbani. Watu wakastaajabu. Lakini mtu huyo huyo, Julai 1962, chama chake kilipokuwa kikipoteza kura, aliwaondoa mawaziri saba kwa siku moja. Na ilikuja kujulikana kuwa kabla ya kusimama Bungeni kujibu maswali alikuwa akichafukwa na roho kwa wasiwasi.

Je, alikuwa mtulivu au hakuwa? Wako watakaosema alikuwa akijifanya tu. Mimi sioni hivyo. Yule ambaye tumbo lake linamsokota naye akasimama akajibu maswali kwa adabu, huyo ana jambo alilolishinda. Mimi namtilia shaka katika ile siku ya mawaziri saba, kwa sababu siku hiyo nguvu zote zilikuwa mkononi mwake, na hapo ndipo utulivu unapopimwa.

Kiarabu kina neno hilm, nalo ndilo lililomo katika majina ya akina Halima na Abdulhalim wa mitaani mwetu. Wanazuoni wamelieleza kuwa ni kutofanya haraka ya kulipiza na hali uwezo wa kulipiza unao. Tazama sharti hilo la uwezo. Maneno ya Kiingereza tuliyoyataja huutazama uso wa mtu yakaishia hapo. Hayaulizi aliyenyamaza alikuwa na nini mkononi. Na Kiswahili chetu si salama zaidi, kwani tunasema “mpole” kwa mwenye tabia njema, kisha tukasema “leo amekuwa mpole” kwa aliyepigwa mpaka akakoma.

Sasa nitataja jambo langu mwenyewe. Mjomba wangu, Mwenyezi Mungu amrehemu, alikuwa karani wa ghala bandarini Mombasa katika miaka ya 1950. Siku moja nilimpelekea chakula, nami ni mtoto wa miaka kumi hivi, nikamkuta mkubwa wake akimtupia daftari la hesabu mbele ya makuli, kwa kosa ambalo halikuwa lake. Mjomba alikuwa mtu wa kifua kipana. Aliinama, akaliokota, akapangusa vumbi, akaendelea kuandika. Niliona haya, na haya yale sikumwonea yule mkubwa, nilimwonea mjomba wangu.

Alipoacha kazi alipewa barua ya sifa, naye akaiweka katika sanduku la bati pamoja na hati za nyumba. Ilisema kuwa ni mtu calm na docile. Sote tulijivunia barua ile. Miaka mingi baadaye nikafungua kamusi, nikaona kuwa docile asili yake ni mwepesi wa kufundishika, kisha likashuka likawa ni mwepesi wa kuburutwa.

Nilimwuliza kwa nini hakujibu siku ile. Akaniambia: “Mwanangu, nilihesabu. Nilihesabu karo ya wanangu, nikahesabu kodi ya nyumba, kisha ndipo nikaokota daftari.”

Hiyo si hilm kama walivyoieleza wanazuoni, kwa kuwa hakuwa na uwezo wa kumwadhibu yule bwana. Lakini unyonge pia siuoni, kwani mnyonge hahesabu. Ninalolikataa ni kuwa aliyetupa daftari ndiye aliyejipa haki ya kuandika sifa za aliyeliokota.

Nasi tusidhani kuwa sisi tumesalimika. Ni wangapi miongoni mwetu humsifu mke kuwa ni mpole, au mtumishi wa nyumbani kuwa hana maneno, bila ya kujiuliza hata mara moja litampata nini akisema? Nilipoyasema haya katika darsa, wazee wawili walitazama saa zao.

Kijana wetu alirudi skuli na orodha yake. Neno docile aliliacha nje ya mafungu yote mawili, na mwalimu akamkata alama moja.