Dobi wa Mahalaxmi

Kuna picha moja kwenye simu yangu ambayo nimeshindwa kuifuta, na kila nikimwonyesha mtu naona aibu. Niliipiga Mumbai, nikiwa juu ya daraja lililo karibu na stesheni ya Mahalaxmi. Chini yangu kulikuwa na mabirika ya saruji mamia kwa mamia, wanaume wamesimama ndani ya maji wakipiga nguo kwenye mawe, na juu yao mashuka yameanikwa safu kwa safu. Mahali hapo panaitwa Dhobi Ghat. Nilipobonyeza, mmoja wao aliinua uso akanitazama. Hakukasirika, hakutabasamu. Alinitazama tu, kisha akarudi kwenye shuka lake.

Nilikuwa India kwa sababu ya mjomba, tuliyempeleka kwa matibabu. Siku ya nne alinifukuza wodini. "Toka nje utembee, bwana. Usikae hapa unanitazama kama televisheni." Basi nikatia chupa ya maji na shati moja kwenye begi la mgongoni, nikaondoka. Sensa ya 2022 ilihesabu watu milioni moja na ushee katika mkoa wetu wote wa Katavi. Mumbai ilikuwa imeshapita milioni 12 tangu sensa yao ya 2011. Mtu wa Mpanda akiachiwa jiji kama lile peke yake, kwa miguu, anajiona kama amepewa dunia.

Nilianzia kwenye ile stesheni kubwa ya Chhatrapati Shivaji, iliyokamilika mwaka 1888, nikasimama nikitazama watu wanavyomwagika kutoka kwenye treni. Nikapita soko la Crawford, nikashika barabara ya Mohammed Ali, misikiti na maduka yamebanana, harufu ya vitu vya kukaanga. Nilipiga picha kila kitu: wapagazi, mzee aliyelala kando ya barabara, watoto wa shule. Sikuuliza mtu. Nilikuwa na furaha, na mtu mwenye furaha haoni kama anakosea. Mpaka nilipofika pale darajani.

Macho ya yule dobi yalinirudisha Mpanda. Nikiwa darasa la tano, mama yangu alikuwa akiuza asali stesheni, kwenye chupa za soda, siku za treni ya kutoka Kaliua. Siku moja alishuka kijana wa Kizungu, begi lake refu limempita kichwa. Akachuchumaa mbele ya mama, akampiga picha akiwa anachuja asali kwa kitambaa, akainuka, akaenda zake. Mama hakusema neno mpaka jamaa alipopotea. Kisha akasema, "Hata ile 'jambo' yao imewaishia?"

Kwa miaka mingi nilimhukumu yule kijana. Kumbe nilikuwa nasubiri zamu yangu.

Sasa swali langu ni hili: je, kumtazama mtu usiyemjua, katika mji ambao kesho utauacha, ni kosa? Wapo watakaosema si kosa, macho hayana pazia, na mtu akitazamwa hapungukiwi na kitu. Kuna ukweli hapo. Mama hakupungukiwa hata tone la asali. Lakini alipungukiwa na kitu, maana nilimwona.

Wengine watasema basi lipa. Ukipiga picha, toa hela kidogo, mmalizane. Na mimi nililifikiria hilo pale darajani, noti za rupia zikiwa mfukoni. Lakini fikiria Sitalike, njia ya kwenda Sumbawanga. Kiangazi, Mto Katuma unapokauka, viboko hujazana kwenye tope wakisukumana, na watu husafiri kutoka mbali kuwaona. Anayeingia Hifadhi ya Katavi hulipa kiingilio, na ni haki, maana pesa hizo zinatunza hifadhi. Ila kiboko hana la kusema kuhusu picha yake. Nikimlipa mtu ili nimtazame, halafu nisimsemeshe, nimemfanya sawa na kile ninachokilipia kiingilio. Nimenunua ruhusa ya kutomjua.

Jibu la tatu ndilo tunalolipenda sisi Waswahili: kaa muda. Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Yaani huwajui watu mpaka umelima nao. Kwa kipimo hicho, msafiri wa siku moja hana haki ya kusimulia lolote. Na mfano tunao huku kwetu. Mwaka 1871 Henry Morton Stanley alipita Ukonongo na Ukawendi, nchi hizi hizi, akizunguka kuikwepa vita ya Mirambo ili afike Ujiji alikokuwa Livingstone. Mwaka uliofuata kitabu chake kikatoka. Wakonongo nao walimwona, yeye na msafara wake na bunduki zake, lakini kitabu ni cha macho yake. Mtu aliyepita tu akawa ndiye anayeieleza nchi kwa dunia.

Hata hivyo kipimo cha muda nacho kinanishinda. Ibn Battuta alifika Kilwa mwaka 1331, naye hakukaa kulima. Alipita, akaondoka, na baadaye akasimulia habari za mji na ukarimu wa sultani wake. Leo tungekuwa maskini zaidi bila masimulizi yale. Na Salim bin Abakari, Mngazija aliyefuatana na bwana wake Mjerumani hadi Urusi na Siberia mwaka 1896, alisimulia safari hiyo kwa Kiswahili, ikachapwa mwaka 1901. Naye alikuwa mpita njia. Tukiwafukuza wote wasiolima, tutamfukuza na wa kwetu. Tena wapo waliokaa miaka ishirini mahali wasimjue hata jirani.

Kwa hiyo si macho, si pesa, si siku. Nadhani ni kama umekubali na wewe kutazamwa. Siku ile ile, kabla ya daraja, nilikuwa nimeketi kwa muuza chai. Akaniuliza kwa Kiingereza cha kuungaunga natoka wapi. Nikasema Tanzania. Akauliza kama ni karibu na Nairobi. Nikajaribu kumweleza Mpanda ilipo, nikashindwa, tukacheka. Akatazama begi langu, akauliza, "Unatembea tu? Kwenu hakuna kazi?" Nilijikuta najitetea kwa mtu nisiyemjua, namweleza habari za mjomba. Akanyamaza, akaniongezea chai, akakataa hela ya kikombe cha pili. Yeye sikumpiga picha. Wala sikukumbuka.

Tofauti ya wale wawili ni hiyo. Muuza chai aliweza kuniuliza swali, nami nikawa na wajibu wa kujibu. Dobi nilimweka chini ya daraja, mbali na sauti yangu, akabaki na macho tu. Na kinachoniuma ni kwamba neno nilikuwa nalo. Dobi ni neno letu, limetoka kwao likakaa kwetu, kama chapati, kama laki. Ningeteremka nikalisema, huenda angecheka.

Sikuteremka. Jua lilikuwa kali, miguu inauma, na kusema kweli nilimwogopa.

Tuliporudi nyumbani nilimwonyesha mama picha zote. Alizipitisha moja moja, akisifia stesheni, akiuliza bei za nguo. Alipofika kwa dobi akasimama, akaisogeza simu karibu na macho.

"Huyu anaitwa nani?"

Nikasema sijui, mama.

"Mlisalimiana?"

Sikujibu. Akanirudishia simu, akaenda kuangalia maharage jikoni. Picha bado ninayo. Nikiifuta nitakuwa nimejisafisha mimi tu, yeye haitamfaa kitu. Wewe msomaji, unayesafiri na simu mfukoni kama mimi, zako ni ngapi?