Nguvu ya Watatu
Andiko: Mhubiri 4:9–12, Matendo 19:18–20



Wiki jana niliingia nyumba moja hapa Raila. Nikakuta wasichana watatu, ndugu wa damu, wamebanana kitandani wakitazama Charmed. (Wameniruhusu niseme.) Kama huijui, ni drama ya Marekani ya dada wachawi wanaopigana na mapepo. Ilianza 1998, ikaisha 2006 baada ya vipindi 178, ikarudishwa 2018 na waigizaji wapya. Wasichana hawa hata hawakuwa wamezaliwa ile ya kwanza ikiisha!

Nikaanza kukemea. Mkubwa wao akanijibu kwa heshima, "Pasta, wale dada hawaachani."

Nilinyamaza. Mama yao tulimsafirisha mwezi wa pili. Tulichanga, tukakesha, tukapanda basi hadi mazishini, tukarudi. Tangu hapo hakuna aliyebisha mlango huo. Hata mimi.

Nilisomea biashara. Huko tulifunzwa kwamba bidhaa ikidumu sokoni miaka ishirini, uliza inashibisha njaa gani. Drama hii haiuzi uchawi peke yake. Inauza nyumba ambayo mmoja akivamiwa, wengine wanakuja mbio. Dada mkubwa, Prue, alipokufa, alipatikana ndugu mwingine, Paige, akakaribishwa ndani.

Sasa tusidanganyane. Hakuna uchawi mzuri. Kumbukumbu 18 haikubagua mweupe na mweusi. Na mabango ya waganga yamejaa kwa nguzo za stima. Anayepiga hizo namba mara nyingi ni mtu mwenye uchungu, aliyekosa wa kumwambia. Leo ni sinema, kesho ni namba ya simu.

Lakini angalia Efeso. Walichoma vitabu vya thamani ya vipande 50,000 vya fedha, na hakuna aliyewapokonya! Walileta wenyewe, kwa sababu walikuwa wamepata kilicho kikubwa zaidi. Je, wasichana wetu wamekipata kwetu? Nguvu ya watatu iko kwa Mhubiri 4 kabla haijafika Hollywood.

Kwa hivyo wiki hii, kabla hujamwambia mtoto wa mtu azime TV, bisha mlango kwanza. Nendeni watatu watatu, na pakiti ya unga mkononi. Keti, sikiliza, ndipo uombe. Na wiki ijayo rudi tena.

Mimi narudi Jumatano. Nani ataandamana nami?

Mungu awabariki.