Mali ya Kanisa ni Amana



Sisi tunaokwenda Yide Lu kununua midoli, mapambo na vifaa vya shule tunalijua vizuri Kanisa Kuu la Moyo Mtakatifu. Wenyeji huliita Shishi, yaani nyumba ya mawe. Wageni hulipiga picha, na wengi wetu tumepiga magoti ndani yake. Lakini je, kiwanja kile kilipatikanaje?

Palikuwa na makao ya Gavana Mkuu wa Guangdong na Guangxi, Ye Mingchen. Majeshi ya Uingereza na Ufaransa yaliupiga mji kwa mizinga na kuuteka mwishoni mwa 1857 na mwanzoni mwa 1858. Ye alikamatwa, akapelekwa Calcutta, akafia huko 1859. Wafaransa wakadai kiwanja hicho kiwe cha Kanisa, na mfalme wao Napoleon III akachangia fedha za ujenzi. Kazi ilianza 1863 ikaisha 1888. Waliochonga mawe yale ya matale na kuyapandisha hadi juu ya minara walikuwa mafundi Wachina.

Wahenga wetu walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Mgeni huyu alikuja na mizinga. Tukisoma habari za shamba la mizabibu la Nabothi, tunamlaumu mfalme Ahabu bila kusita. Haki hiyo hiyo inatupasa kuitumia hata pale aliyefaidika ni Kanisa letu.

Je, basi Kanisa lilistahili mali ile? Tunaona halikustahili. Sala za miaka yote zilizofuata ni za kweli, lakini hazibadilishi namna kiwanja kilivyopatikana. Tena, heshima iliyoletwa na dola huondoka na dola. Wakati wa Mapinduzi ya Utamaduni milango ilifungwa, ikafunguliwa tena 1979. Katika miaka hiyo, fedha za mfalme na mikataba ya kivita havikuisaidia kitu imani ya watu.

Wapo watakaouliza: bila mali, nani angejenga hospitali na shule za misheni? Ni kweli. Wengi wetu tulizaliwa katika hospitali hizo na kusomeshwa katika shule hizo. Hatusemi Kanisa liwe ombaomba, wala linyamaze mbele ya wakubwa. Tunasema mali na sauti yake ni amana. Mwenye amana haulizwi anacho kiasi gani, bali alikipataje na anamtunzia nani.

Mfano wa karibu uko Kenya. Novemba 2024, siku chache baada ya maaskofu Katoliki kuikemea serikali, Rais William Ruto alitoa mamilioni ya shilingi, taslimu na ahadi, katika kanisa la Soweto, Nairobi. Kesho yake Askofu Mkuu Philip Anyolo akatangaza kwamba fedha zilizotolewa zirudishwe, na ahadi iliyobaki isipokelewe. Bila shaka parokia ile ilikuwa na mahitaji. Lakini mkono mtupu haulambwi, na mkono uliojaa hulambwa mpaka ulimi usahau kusema. Kanisa lililoweza kurudisha fedha ndilo linaloweza kumwambia mtawala ukweli Jumapili inayofuata.

Tusidhani haya ni ya maaskofu na wafalme tu. Sisi nasi tuna kapu letu la matoleo. Kuna ndugu aliyefiwa, mwanafunzi aliyekwama nauli, mama aliye hospitalini bila bima. Kuna pia mfanyabiashara anayetoa kwa ukarimu, na tunamshukuru. Lakini akitoa kingi, je, atapewa kiti cha mbele na neno la mwisho? Akidaiwa mshahara na kijana aliyembebea mizigo, nani kati yetu atamwambia amlipe?

Tunaomba hesabu za matoleo zisomwe mbele ya wote, na haja ya mnyonge itangulie sare na sherehe. Na akija mtu na bahasha nene, tumuulize kwa upole imetoka wapi, na anataka nini. Asipotaka kitu, tupokee kwa furaha. Akitaka tunyamaze, tumrudishie kwa mikono miwili, kwa heshima.

Mungu awabariki, na tuwaombee wagonjwa wetu na walio safarini.