Kibuyu cha Nyanya

Wageni wakija, twakimbilia dukani. Kitambaa kipya. Maua ya plastiki. Na huku kibuyu cha nyanya, sotet, kimelala darini, shanga zake zimejaa vumbi. Kiteremshe. Kipanguse. Kiweke katikati ya meza. Kando yake, kikombe kikuukuu cha bati chenye maua ya senetwet, yale ya manjano. Mti uleule ambao mkaa wake huyapa maziwa ya mursik ladha. Meza imependeza, na hukutoa hata shilingi.

Leo, uwe shambani ukichuma majani chai, uwe kiwandani, yupo mwenzako mkongwe aliyewekwa pembeni kama kibuyu kile. Kabla ya kutafuta ujuzi mbali, muulize yeye jambo moja. Kisha msikilize.