Wajibu kwa Asiyeweza Kudai

Je, mtu ana wajibu gani kwa kiumbe asiyeweza kumdai? Swali hili ni kubwa, lakini laweza kupimwa kwa jambo dogo kama kucha za mbwa. Usicheke, msomaji. Jambo dogo hupima moyo vema kuliko jambo kubwa, maana halina mashahidi wala sifa.

Mbwa wa mchungaji hana haja ya mkasi. Hutembea mchana kutwa juu ya mawe na changarawe, na ardhi humpunguzia kucha. Lakini mbwa afungwaye mchana ili afunguliwe usiku kulinda nyumba hana ardhi hiyo. Kucha zake hurefuka, zikagonga sakafu kila akanyagapo. Vidole husukumwa nyuma, naye hupotosha mwendo ili akwepe maumivu. Ukucha wa kando, ulio juu kidogo ya wayo, haugusi chini kabisa. Usipokatwa waweza kupinda hata ukachoma nyama.

Huenda mtu akasema, "Mungu alimuumba mbwa bila mkasi, kwa nini nimtumikie?" Hoja hii ingalikuwa na nguvu kama mbwa angaliachwa huru. Lakini sisi ndio tuliomfunga ili tulale salama. Aondoaye mawe chini ya miguu ya mwingine hujitwika kazi iliyokuwa ikifanywa na mawe hayo. Huo si ukarimu, ni deni.

Mwingine atasema kwamba mbwa halalamiki. Ni kweli, lakini kimya cha asiye na usemi si ushahidi kwamba haumii. Jeremy Bentham, mwanafalsafa wa Uingereza, katika kitabu alichokitoa mwaka 1789, alifundisha kwamba la kutazamwa kwa mnyama si akili yake wala usemi wake, bali ni uwezo wake wa kuumia. Sheria ya Kenya ya kuzuia ukatili kwa wanyama, Sura ya 360, nayo haimkatazi mtu kutesa kwa kutenda tu. Humhesabia kosa hata asababishapo maumivu yasiyo lazima kwa kuacha kutenda.

Deni hili hulipwa kidogo kidogo. Ndani ya ukucha mna nyama hai yenye damu na mishipa ya fahamu. Ukucha ukiachwa, nyama hiyo nayo hurefuka. Mwenye mbwa aliyekawia, akitaka kumaliza yote siku moja, humtoa damu, na tangu hapo mbwa huogopa mkono wake. Lakini akatapo ncha tu, kila baada ya majuma machache, nyama hurudi ndani polepole pasipo maumivu. Uzembe wa miezi haufutwi kwa bidii ya siku moja. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

Basi, msomaji, utakapopewa mamlaka juu ya kiumbe yeyote, awe mtoto, mgonjwa au mnyama, usingoje akudai. Tazama kwanza ulichomwondolea, kisha ukilipe kwa wakati wake.